Hoteli ya Mapumziko Msituni? Ijengeni Nje ya Msitu

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie miti. Msiondoke! Tarakilishi zitaingia humu humu, na hesabu pia zimo.

Kuna mtindo umeshika kasi hapa kwetu. Kila mwenye mtaji anataka kujenga mahali pa kutuliza mwili na akili, na anataka pawe msituni. Picha ya tangazo ni ile ile kila mara: nyumba ya mbao katikati ya miti, beseni kubwa la maji moto barazani, mkeka wa yoga, na maneno "rafiki wa mazingira" kwa herufi kubwa.

Mteja mmoja alinijia na mpango wa namna hiyo, kwa msitu mmoja wa pwani. Vyumba 10, wageni 20, viyoyozi, sauna, jakuzi, vyote ndani kabisa ya miti. Alitaka nimtengenezee programu ya kupokea wageni na malipo, pamoja na vihisi vya kupima maji na umeme. Kazi nzuri, na mimi nina bili kama mtu mwingine yeyote. Lakini kihisi hakina maana kama hujui kiwango ambacho hakitakiwi kupitwa. Maji kiasi gani? Umeme kiasi gani? Kuni kiasi gani? Nikafungua lahajedwali nikaanza kujaza.

Nilipomaliza nilikuwa na msimamo mmoja, na ndio ninaouleta hapa: ukitaka kituo cha mapumziko cha msituni kitakachodumu, kijenge nje ya msitu. Wageni waingie kwa miguu, watembee, watulie, kisha watoke wakalale nje. Huu si ushairi wa mpenda miti. Ni hesabu zilizonifikisha hapo. Hebu tuzipige pamoja.

HESABU YA KWANZA: JUA

Kila mpango wa aina hii husema "tutatumia sola". Sawa. Chukua kiyoyozi kinachokula kilowati moja kwa wastani. Kiwashe saa 8 za usiku katika vyumba 10. Hizo ni yuniti 80 kila usiku, yuniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Feni ya dari ya wati 50, saa zile zile, vyumba vile vile: yuniti 4.

Sasa tafuta paneli za kukupa yuniti 80. Kwa jua la pwani, kilowati moja ya paneli hukupa takriban yuniti 4 kwa siku baada ya kuondoa kinachopotea njiani. Unahitaji paneli za kilowati 20, yaani kama mita 100 za mraba za paneli zinazopigwa na jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Na hapo sijagusa betri.

Umeona tatizo? Chini ya miti hakuna jua! Ndiyo maana ya msitu. Ili paneli zifanye kazi, sharti ukate miti, na si ile tu inayosimama pale zitakapowekwa, bali pia ya pembeni inayotupa kivuli asubuhi na jioni. Yaani unafyeka msitu ili uweze kuandika kwenye tangazo kwamba hutumii jenereta. Na usipofyeka, jenereta itakuja. Nani analipa aje kusikiliza jenereta?

Nenda ukingoni, kwenye shamba lililokwisha limwa miaka mingi. Jua lipo bure na hukati hata mti mmoja.

HESABU YA PILI: MAJI

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa hukupa lita moja. Ni hesabu rahisi kuliko zote. Tuseme paa lina mita za mraba 200, na mvua ni milimita 900 kwa mwaka. Lita 180,000. Toa asilimia 20 ya kumwagika na kusafisha paa, unabaki na lita 144,000.

Mgeni mmoja akitumia lita 100 kwa siku, kuoga, choo, shuka zake kufuliwa, chakula chake kupikwa, wageni 20 watatumia lita 2,000 kwa siku. Paa lako limewatosheleza siku 72. Mwaka una siku 365. Zilizobaki utazifanya nini? Utachimba kisima, au utaleta maji kwa lori kila asubuhi kwenye njia ya msituni.

Geuza swali basi. Badala ya kuuliza "maji ya wageni 20 yatatoka wapi", uliza "paa hili linatosha wageni wangapi?" Jibu ni karibu lita 394 kwa siku, yaani wageni wanne. Ukitaka watu 20, paa liwe zaidi ya mita 1,000 za mraba, au kila mgeni atumie nusu ya maji hayo na paa liwe kama mita 500. Paa la ukubwa huo ni uwanja mzima wa mabati katikati ya msitu, na majani makavu yataziba mifereji yake kila wiki. Pale shambani paa la ukubwa huo halimsumbui mtu.

HESABU YA TATU: MOTO

Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Jakuzi ya lita 1,500, maji yatoke nyuzi 25 yafike 40. Nishati inayohitajika ni kama yuniti 26. Kwa kuni kavu, ukiwa na jiko zuri linalofikisha nusu ya joto kwenye maji, ni kama kilo 12 kwa kila mara unapoyachemsha. Ukifanya hivyo kila siku, ni zaidi ya tani nne za kuni kwa mwaka. Kwa beseni moja! Sauna sijaihesabu.

Nje ya uzio wa hoteli hiyo kuna mama anayesimamishwa na askari wa msitu kwa sababu ya mzigo mmoja wa matawi makavu kichwani. Anaenda kuchemsha maharagwe ya watoto. Ndani ya uzio kuna tani nne kwa ajili ya mabega ya mgeni. Msimamizi wa mradi atasema kuni zake amenunua kwa risiti. Haya. Lakini jirani haoni risiti, anaona moshi. Siku atakapoamua kwamba msitu huu si wake tena bali ni wa wageni, hakuna kihisi chochote nitakachokufungia kitakachokuokoa.

KILICHOMO HUMO CHINI

Nikachukua Msitu wa Arabuko-Sokoke kama kipimo, maana ndio msitu wa pwani unaojulikana zaidi. Uko Kaunti ya Kilifi, una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, na ndio mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki.

Humo kuna sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua kama kamkonga. Ni mnyama wa misitu ya pwani ya Kenya, hana kwingine. Hulala usiku ndani ya kiota anachojenga kwa majani makavu yaliyoanguka chini. Sasa fikiria kitu cha kwanza ambacho hoteli yoyote hufanya: kufagia majani! Mtunza bustani akipita na ufagio kila asubuhi, uwanja unapendeza kwenye picha na sange amekosa nyumba. Hakuna aliyekusudia mabaya. Ni usafi tu.

Kuna pia bundi wa Sokoke, bundi mdogo ajabu, ambaye duniani kote hupatikana pwani ya Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania tu. Yeye ni wa usiku. Mtundikie taa nyeupe za njiani, muziki wa mapokezi na magari ya wageni waliochelewa, halafu uone kama atakungoja.

Kwetu sisi waandishi wa programu kuna kitu kinaitwa ruhusa ya kusoma tu. Unampa mtu akaunti, anaona kila kitu, anafaidika na kila kitu, lakini hawezi kubadilisha hata herufi moja. Msitu upewe wageni kwa ruhusa hiyo. Usomwe, usiandikwe. Na mtu anayelala mahali, anayeoga, anayepika na kwenda choo hapo, hasomi tu. Anaandika.

"LAKINI MGENI ANALIPIA KULALA KATIKATI YA MITI"

Hilo ndilo jibu nililopewa, na si jibu la kipuuzi. Mtu ametoka mjini amechoka, anataka kuamka na ndege dirishani. Swali langu ni hili: kinachomponya ni kulala humo au ni kuwa humo?

Wajapani ndio waliotoa jina la "kuoga msitu", shinrin-yoku. Idara yao ya misitu ilianza kulitumia mwaka 1982. Ukiangalia wanachofanya, ni matembezi ya polepole ya mchana. Wanatembea, wananusa, wanakaa, wanaondoka.

Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa watu karibu 20,000. Waliokaa penye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki ndio walioelekea kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha. Tena haikujalisha kama dakika hizo ni za mkupuo mmoja au za vipande vipande. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, huenda wenye afya ndio wanaotoka nje zaidi. Hata hivyo kilichopimwa ni saa mbili kwa wiki, wala si usiku saba.

Na kuna kile cha zamani zaidi, cha Roger Ulrich, kilichotoka katika jarida la Science mwaka 1984. Alilinganisha wagonjwa waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 walikuwa na dirisha linaloangalia miti, wengine 23 dirisha lao liliangalia ukuta wa matofali. Wa miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Hawakuwa ndani ya msitu. Walikuwa kitandani, wanatazama nje.

Kwa hiyo jenga ukingoni, elekeza vitanda na baraza msituni, upande mti wa asili shambani kwako mwaka baada ya mwaka. Mgeni ataamka na ndege wale wale. Ndege hawaogopi mpaka wa ramani.

TAYARI TUNAJUA KUFANYA HIVI

Hapa ndipo wenye mitaji wananishangaza. Wanaagiza michoro kutoka ng'ambo kana kwamba hili jambo ni geni kwetu.

Wamijikenda wana misitu ya kaya, na kadhaa kati ya hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Nenda Kaya Kinondo, Kwale. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi, huongozwa na mwenyeji, hufuata njia iliyopo, hakati kitu na haondoki na kitu. Akimaliza anarudi kulala kwenye hoteli za Diani na Galu. Kaya inabaki kaya. Wazee waliandika sheria za matumizi kabla ya sisi kujua neno programu.

Nenda Gede, jirani na Arabuko-Sokoke. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukifanya kazi na wakulima wanaopakana na msitu. Mkulima hulea viwavi kwake, na pupa huuzwa kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mbegu inatoka msituni, kazi na pesa ziko ukingoni.

Nenda hata Nairobi. Mnakumbuka Karura. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa tarehe 8 Januari 1999 walipokuwa wakipinga msitu ule kugawiwa wajenzi. Leo watu wanakwenda kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, wakilipa kiingilio getini, kisha jioni wanarudi nyumbani. Hicho ni kituo kikubwa cha afya katikati ya jiji, na vitanda vyake vyote viko nje.

HOJA YENYE UZITO

Wapo wanaosema msitu usioleta pesa hukatwa makaa, hivyo hoteli ndani yake ni ulinzi. Hii naiheshimu. Ni kweli msitu usiomlisha jirani hauna mlinzi. Lakini pesa haihitaji kitanda msituni. Inahitaji njia ya kumfikia jirani. Kipepeo imeonyesha hivyo, na Kinondo pia.

Na ukingo nao una mtego wake. Ukinunua mashamba yote ya pembeni, mkulima ataenda wapi? Pengine ataingia msituni uliosema unaulinda. Kwa hiyo ushauri wangu ni kukodi, si kununua. Mwenye shamba abaki na hati yake, alipwe kodi kila mwezi, na mkataba ukiisha ardhi iwe bado yake.

NINGEITENGENEZA HIVI

1. Idadi ya vitanda ianzie kwenye paa na tangi, isianzie kwenye mkopo wa benki.

2. Kikomo kiwe ndani ya programu. Kama msitu unaweza kupokea makundi mawili ya watu wanane kwa siku, mfumo ukatae mtu wa 17, hata kama ni rafiki wa mwenye hoteli. Bango la "tafadhali tusizidi" halimzuii mtu. Programu inamzuia.

3. Feni badala ya kiyoyozi, madirisha makubwa yenye wavu, paa refu linalotoa hewa ya moto juu. Maji ya kuoga yapashwe na jua. Jikoni gesi. Jakuzi isahauliwe.

4. Choo kikavu kinachotengeneza mbolea, na maji ya kuogea yapite kwenye kitanda cha matete kabla ya kwenda shambani. Hakuna bomba linaloelekea msituni.

5. Taa za chini, za rangi ya njano, zenye kofia, zinazowaka mtu akipita tu. Wai-fai iwe mapokezi peke yake. Aliyekuja kutulia atashukuru baadaye.

6. Kiasi cha maji kilichobaki tangini kionekane kwenye skrini ukutani, kila mgeni akione. Mtu akiona tangi linashuka, anafunga bomba bila kuhubiriwa.

7. Kiongozi wa matembezi awe wa kijiji hicho, na fungu la jamii litoke papo hapo. Mgeni anapolipa kwa M-Pesa, mfumo ugawe: hii ya hoteli, hii ya kikundi cha jamii, kila moja kwenye akaunti yake, na risiti ionyeshe zote mbili. Msiseme "asilimia fulani ya faida mwisho wa mwaka". Faida ni kitu kinachoweza kupotea kati ya Januari na Desemba, tena kwa uhasibu halali kabisa. Kugawa malipo kwa mashine ni kazi ndogo kwa mwandishi wa programu yeyote. Ni utashi tu.

Niliyaandika haya yote nikampelekea mteja pamoja na lahajedwali. Alisema atalifikiria. Bado analifikiria. Mimi nimemwambia kwamba programu ya vitanda vya ukingoni nitamwandikia kwa furaha, ya vitanda vya msituni amtafute mwingine.

KAZI YENU

Hili si la wenye hoteli peke yao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu, na mradi mkubwa wa namna hii hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMA. Tangazo hutolewa, na wananchi hupewa muda wa kutoa maoni. Wengi wetu hatulisomi, tunakuja kulalamika trekta likishaingia.

Ukiliona tangazo linalohusu msitu wa kwenu, huhitaji kuwa mtaalamu. Uliza maswali matatu kwa maandishi. Paneli zitapata wapi jua bila kukata mti? Paa linatosha maji ya wageni wangapi? Na pesa ya jirani inamfikia siku gani? Mwenye mpango mzuri atakujibu kwa namba ndani ya dakika kumi. Asiye na namba atakuonyesha picha ya mkeka wa yoga.

Mnaonaje, wadau? Aliye na hesabu tofauti na zangu azilete, tuzikokotoe pamoja.